Karatasi za Ijumaa na makundi ya njia: kidato cha kwanza walivyoanza kuongea

Nafundisha Baiolojia katika shule moja ya kata wilayani Muheza, na mwaka mmoja nilipewa pia ulezi wa kidato cha kwanza. Anayezijua shule zetu analijua darasa hilo mwezi wa Januari. Watoto waliokuwa wasemaji shule ya msingi wanageuka bubu. Wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, sasa karibu kila somo ni Kiingereza. Ukiuliza swali, vichwa chini. Ofisini utasikia ni uvivu. Mimi nilichokiona ni woga wa kuchekwa.

Nikaanzia darasani. Kabla ya kujibu, wanajadiliana wawili wawili kwa Kiswahili, halafu jibu tunalijenga pamoja ubaoni kwa Kiingereza. Siku ya usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, niliwatoa hadi shamba la shule, nikauliza mbona mahindi ya chini ya mwembe yamedhoofu na kuwa ya njano. Kijana mmoja ambaye hata sauti yake sikuwa naijua akasema, "Madam, hayo hayapati jua, yatapikia nini chakula?" Wenzake waliangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka. Jibu la mtihani ni hilohilo, lilibaki kutiwa Kiingereza tu.

Ya moyoni ndiyo yaliyokuwa magumu. Shule ina sanduku la maoni, limetundikwa nje ya ofisi ya walimu. Nani atalisogelea huku mwalimu wa zamu anamtazama? Basi Ijumaa kipindi cha mwisho kila mwanafunzi anapata nusu karatasi, na wote wanaandika, jina si lazima. Asiye na la kusema aandike alichokula jana. Kalamu zote zikiwa zinatembea, hakuna anayejua nani kaandika zito. Kabla ya yote niliwaambia wazi kwamba siri nitaitunza, ila kama mtoto anaumizwa au anatishwa sitanyamaza, nitakwenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Nikaandika na 116 ubaoni, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, kwa ajili ya asiyetaka kupitia kwangu.

Cha ajabu, yale ya chakula ndiyo yaliyosema mengi. "Jana embe." "Sijala, nilikunywa chai kwa jirani." Nilizinakili kwa mkono wangu ili mwandiko wa mtu usijulikane, nikampa mkuu wa shule, naye akazisoma kwenye kikao cha wazazi. Ukumbi ulitulia. Mchango wa mahindi na maharage, ambao kila kikao ulikuwa unaahirishwa, ulipita palepale. Asiye na mahindi alete kuni.

Karatasi hizohizo zilinionyesha pia kwamba shida nyingine ziko barabarani. Wapo wanaotembea mbali sana, na wasichana waliandika kuhusu vijana wa bodaboda wanaowapa lifti za bure, ambazo sote tunajua mwisho wake. Nikavunja makundi ya kujisomea tuliyokuwa tumeyapanga kwa viti, nikayapanga kwa njia ya kurudi nyumbani. Wanaopita njia moja ni kundi moja, wa kidato cha tatu ndiye kiongozi, hakuna anayeachwa nyuma. Kila jioni kundi linaondoka na maswali mawili ya kuulizana njiani, kwa sababu nyumbani kuna maji ya kuchota na wadogo wa kubeba, na taa ikiwashwa ni ya kupikia. Mzazi mmoja alinipigia kulalamika kwamba binti yake anaingia nyumbani akibishana kuhusu chembe hai nyekundu za damu. Nilimwambia, "Baba, na wewe muulize."

Simu za wazazi nazo nilizitumia kwa namna yangu. Wamezoea kwamba mwalimu akipiga, mtoto kaharibu. Mimi nikawa napiga kwanza kwa jema: leo kajibu vizuri, leo kasaidia mwenzake. Ulipofika msimu wa machungwa na wavulana wakaanza kupotea kwenda kuchuma, baba aliyekwisha kusikia mema kutoka kwangu alikuwa anazungumzika. Tukakubaliana Jumamosi na Jumapili za shambani, siku tano za shule. Si wote walioshika ahadi. Msimu ukichanganya, pesa ya machungwa ina nguvu kuliko mimi.

Sasa karatasi zimekuwa nyingi, sizimalizi peke yangu wikiendi. Nimemwomba mwalimu wa Kiswahili tugawane, kakubali, ila anataka kuzisahihisha tahajia kwa kalamu nyekundu. Bado tunabishana.