Siku yangu na wanaolala nje hapa Tabora mjini

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nishatoka. Ukiwafata saa mbili huwakuti, wenye maduka wanafungua na kila mtu ashakunja boksi lake kasepa, kwahiyo napita stendi, sokoni halafu stesheni, na sweta juu maana baridi ya mwezi wa saba huku haina adabu. Muda huo siulizi mengi. Shikamoo, umeamkaje, umekula? basi.

Stesheni ndo kuna kazi. Reli inagawanyika hapa, huku Mwanza huku Kigoma, anayeishiwa nauli njiani anabaki kwetu.

Saa mbili niko kwa mama lishe na babu mmoja mwenye kidonda mguuni. Alikuja kulima tumbaku Urambo, msimu ukaisha hajalipwa, nyumbani akaona aibu kurudi mikono mitupu. Kwa sera, mzee wa miaka 60 kwenda juu asiye na uwezo anatibiwa bure. Sawa, ila dirishani hospitali wanataka barua ya mtaa ya kumtambulisha, na mtaa nao wanauliza anakaa nyumba ya nani. Hapo ndo watu wengi wanakwama jamani, sio kwamba huduma haipo, haipo barua.

Saa nne ofisi ya mtaa. Mwenyekiti akasema huyu simtambui, sio mkazi wangu. Nikamuuliza, mwenyekiti, kile kibaraza anacholala kiko mtaa wa nani? Akacheka lakini hakuandika. Nikamfata mlinzi wa duka lenye hicho kibaraza, kaamshwa usingizini kakasirika kweli, ila alivyofika akasema "babu namjua, tunakesha wote, mwizi akija yeye ndo wa kwanza kunipigia kelele." Mhuri ukagongwa. (Walinzi wa usiku wanawajua watu wa mji huu kuliko ofisi zote, sijui kwanini hatuwaulizi.)

Saa saba hospitali ya Kitete, foleni, msamaha wa malipo ukapita, kidonda kikasafishwa.

Saa kumi nikaitwa stesheni tena, kuna dogo kaja na treni ya Kigoma bila tiketi. Huyu njia yake nyingine kabisa, chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, habari za barua hazipo, ni afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto polisi, na hata wewe raia ukimkuta mtoto wa hivyo piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Ila usipige mbele yake, akisikia polisi anakimbia. Sisi tulianza na ugali maharage. Kwao kagoma kutaja, katoa jina la shule tu, na hilo linatosha afisa kuanzia.

Saa moja usiku nikapita stationari kutoa kopi ya barua ya babu. Orijino babu kamwachia mlinzi, anasema yeye akilala nayo mfukoni itaondoka na viatu, na keshokutwa anaihitaji kubadilisha bandeji.