Hana Chake

Leo Jumanne, na neno la Salim bado halijanitoka. Alilisema Jumamosi usiku, mdomo umejaa viazi karai, wala hakulisema kwa ubaya. Lakini nimelala nalo siku tatu. Nimefungua duka nalo, nimehesabu vidonge vya watu nalo, na jana mteja amenirudishia chenji niliyomzidishia, naye ni mzee wa watu aliyetoka Muyeye kwa miguu.

Bahari ya Pili mnaijua, ule mchezo wangu wa mkekani ambao kila mtu anaigiza mhusika wake na dadu ndiyo inayoamua, sitairudia yote. Nyota ndizo visiwa, merikebu zinangoja pepo zake, na kila bandari ina wenyewe. Mwaka wa pili huu naiandika. Mkeka ni ule ule wa kwa mama hapa Shela, Malindi, na wachezaji ni wale wale: Kadzo, Athumani, Riziki. Sasa ameongezeka Salim wa kakangu. Nilimwahidi akitimiza miaka 13 ataingia, naye akatimiza Alhamisi, Jumamosi akawa wa kwanza kuketi. Nilikuwa nimemchapishia karatasi yake ya mhusika pamoja na zile kurasa za viumbe, achague atakuwa nani.

Alisoma zote. Husoma polepole, kidole kwenye mstari, kama wanavyofunzwa chuoni.

"Shangazi, huyu Mkoko anaishi miaka mia nne?"

"Eeh."

"Na Popo anausikia ukuta gizani."

"Anausikia, na mlango ulipo anaujua."

"Na Kombe risasi haimwingii."

"Ya kwanza haimwingii. Ya pili aombe Mungu."

Akafunua ukurasa wa mwisho. "Na binadamu?"

"Binadamu anapewa alama mbili za ziada, aziweke popote apendapo."

"Popote?"

"Popote. Nguvu, akili, wepesi, ni yeye tu."

Akaigeuza karatasi akatazama nyuma, kama kwamba kuna maneno yameangukia huko. Kisha akasema, "Kwa hivyo hana chake."

Athumani akacheka. Salim akachukua Kombe, tukacheza mpaka saa sita, na siku nyingine yoyote ningesema ulikuwa usiku mzuri sana.

Tangu hapo kila nikifumba macho namjibu. Mara namwambia, mwanangu, huyo mwenye popote ndiye tajiri wao. Mara namwambia subiri uone katikati ya mchezo. Jana bafuni nilimjibu kwa sauti mpaka mama akauliza nazungumza na nani. Na kila jibu nikilimaliza, naiona ile karatasi inageuzwa, na upande wa nyuma mweupe.

Ukweli ni kwamba zile alama mbili sikuzitunga mimi. Nilizikuta. Katika Starfinder, mchezo wa aina hii hii uliotoka mwaka 2017, binadamu anaongezwa alama 2 katika uwezo mmoja autakao mwenyewe, na ujuzi wa ziada juu yake. Ukirudi nyuma mpaka Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, kibeti mpiganaji anakoma ngazi ya 6, hata awe hodari vipi, na binadamu hana dari, anapanda tu. Nilipoyasoma hayo zamani niliona ni heshima kubwa. Sasa naona walichofanya. Wamemfanya binadamu kuwa pishi. Wengine wote wanapimwa kwake, huyu kazidi hapa, yule kapungua pale, na pishi yenyewe inabaki tupu. Nami nikaichukua ile pishi tupu nikaitia kwenye kitabu changu, nikapita. Mkoko nilimwandikia kurasa sita! Nilikwenda mpaka Mida kutazama mizizi inavyoshika matope maji yakitoka. Binadamu nilimwandikia mistari minne, usiku mmoja, nikisinzia.

Mchezo mmoja ulinigusa kwa upande huu, nao ni Traveller, wa mwaka 1977. Humo binadamu walichukuliwa kutoka Duniani na viumbe wa kale, miaka kama 300,000 iliyopita, wakatawanywa kwenye nyota mbalimbali. Wale waliobaki, siku walipojaliwa kufika nyota ya jirani, wakakuta binadamu wenzao wamewatangulia na wana dola kubwa. Hebu fikiria. Umesafiri kwenda kwa wageni, anayefungua mlango ana pua ya babu yako. Hapo angalau mtu ameketi akajiuliza binadamu ni nani. Lakini hata hapo swali ni wa wapi na wa nani. Ana nini, hilo Salim bado angeuliza.

Na neno lenyewe. Wasomaji wa siku nyingi wanajua baba alivyomposa mama. Mjomba wake mama alikaa barazani, akamtazama baba kutoka kichwa mpaka viatu, akasema mbele ya watu, "Kijana mzuri, lakini hana chake." Mama husimulia hiyo akicheka, maana mwisho wake mjomba yule yule ndiye aliyekuja kuomba baba amjengee mashua. Mimi sijawahi kuicheka. Baba amefariki mwaka wa tisa huu, na bado nikilisikia neno hilo, hata likisemwa kuhusu jirani, masikio yanapata moto. Salim hakujua. Angejuaje?

Basi Jumapili, badala ya kulala baada ya arusi (binti wa Mwanajuma ameolewa, alhamdulillahi, na mwenye jengo la duka ametupa barua ya kuhama ifikapo Desemba), nilikaa na daftari kumtafutia binadamu kilicho chake.

Nilianza na jasho. Mwili wa mtu una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, na ndiyo maana mtu anaweza kukimbia mchana wa jua, polepole, saa baada ya saa, mpaka mnyama anayefukuzwa asimame kuhema. Nikaona nimepata. Nikaandika: binadamu hachoki joto. Nikamtumia Kadzo, akajibu kwa neno moja, "Farasi?" Kweli, farasi naye hutoka jasho jingi.

Nikaandika kutupa. Sokwe anamshinda mtu nguvu mbali sana, lakini mpe jiwe alivurumishe kwa shabaha, hamfikii kijana anayeangua maembe. Riziki akasema hizo ni alama mbili za wepesi, nimezipa jina tu. Ana haki.

Nikaandika ndimi. Nani katika mji huu hawajui vijana wa ufukweni wanaoongea Kitaliano kama maji, na darasa hawakukanyaga? Lakini Bahari ya Pili ina kile kifaa cha sikioni kinachofasiri kila lugha. Nilikiweka mwenyewe, mwaka jana, ili mchezo usikwame.

Hapo nilikasirika, nikafunga daftari. Ilikuwa saa nane usiku.

Sijui kwa nini nilimfikiria baba akiwa Ngomeni. Labda ni huko kutafuta nyota. Kabla ya mashua, kabla ya mama, baba alikuwa akiosha sufuria kwenye kambi ya Wataliano ya roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru wake, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, pale baharini mbele ya Ngomeni, ikiwa na setilaiti ya Wamarekani. Kwa ajili ya siku hiyo na nchi hii wakaiita Uhuru, kwa Kiswahili hicho hicho. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa kazi moja tu ya kutafuta eksirei zinazotoka mbinguni. Mpaka ilipomaliza kazi, mwaka 1973, vitu ilivyoviona vilijaza orodha ya 339. Ni kwa vipimo vyake Cygnus X-1, kimoja cha vitu hivyo, ilianza kushukiwa kuwa shimo jeusi, na leo wanaastronomia wamekubali kuwa ndilo. Haya nimeyasoma ukubwani. Baba hayo hakuwa nayo.

Baba alikuwa akisimulia shingo. Alisema walitoka jikoni wote na mikono yao ya sabuni. Roketi ikapanda, ikawa kama kijiti cha kiberiti, ikaingia mbinguni ikapotea. Na watu hawakuondoka. Wataliano, wapishi, wavuvi waliozuiliwa ufukweni na nyavu zao, wote shingo juu, wanatazama pahali pasipo na kitu, mpaka ikawauma. Mzee mmoja aliendelea kuipungia mkono. Baba alipofika hapo na yeye hupunga, akiwa amekaa kitini, na sisi watoto tulikuwa tunamwomba arudie.

Nililala.

Sasa jana jioni nilipita kwa mama baada ya kufunga duka. Stima imepotea, taa ya chemli iko sakafuni, Salim anafanya hesabu za shule kando yake. Mama amepakua wali, tumekula, na Athumani hajarudi na tuktuk yake. Mama akamtengea sahani yake, akamchagulia kipande cha samaki cha mkiani kwa sababu Athumani hapendi miba, akaifunika kwa kawa. Kisha akasema, akiitazama ile kawa, "Usiiache ikapoa sana, mwanangu." Alikuwa anamwambia Athumani. Athumani yuko barabarani huko Barani anapakia abiria.

Nimeyaona haya maisha yangu yote. Jana moyo uliruka mpaka nikasimama.

Mkoko haishi hivyo. Nimemwandika mwenyewe, namjua: mwenzake akiondoka, mizizi inajua ameondoka, basi. Popo kwake kisichorudisha sauti hakipo. Kombe akifiwa hutema gamba la mwaka ule asahau. Binadamu peke yake katika kitabu changu ndiye anayemtengea chakula asiyekuwapo, akajua na miba asiyoipenda. Nikaomba karatasi ya Salim, nikaandika hapo hapo kwa penseli yake:

Kawa. Mara moja katika kila kikao, binadamu anaweza kurusha dadu kwa mkono wa mwenzake asiyekuwapo, awe mbali, awe amepotea, awe amekufa. Atatumia ujuzi wa mwenzake kama kwamba yuko ubavuni. Lakini kwanza atawaambia walioketi kitu kimoja alichowahi kumwona mwenzake huyo akikifanya.

Huo mstari wa mwisho naupenda kuliko yote niliyoandika mwaka huu. Mchezaji hawezi kuchukua nguvu za mtu asiyemjua. Lazima awe alimtazama.

Nikampa Salim. Akasoma, kidole kwenye mstari. Akarudi juu akasoma tena. Nilikuwa nimezuia pumzi, nasema kweli.

"Huyo asiyekuwapo," akasema, "lazima awe mhusika wa mchezo?"

"Vipi?"

"Au anaweza kuwa mtu tu?"

Kakangu yuko Doha, mwaka wa tatu. Hupiga simu Ijumaa, na Ijumaa iliyopita mtandao ulikata katikati.

"Anaweza kuwa mtu tu," nikamwambia.

"Ujuzi wake tutaujuaje, na hana karatasi?"

"Wewe unaujua. Utatuambia."

Akatafuna ncha ya penseli. Mama alikuwa ameacha kufuta vyombo. Salim akasema, "Baba anaweza kufungua kufuli yoyote. Tulipofungiwa nje alifungua kwa waya wa hanga."

"Basi ndiyo hiyo."

"Na ni mara moja tu?"

"Mara moja."

"Iwe mbili."

Kisha akaomba kifutio. Amefuta Kombe. Ile karatasi ni nyepesi, amefuta mpaka imetoboka pale kwenye jina, na juu ya tobo ameandika binadamu kwa herufi kubwa.

Mara mbili ni nyingi. Nimeijaribu leo mchana peke yangu, dadu kaunta ya duka, na mezani mwenye mara mbili anamfunika Popo kabisa, Riziki atalalamika na atakuwa na haki. Mara moja ndiyo mizani. Lakini nimeandika mbili kwenye daftari, kwa penseli, na Jumamosi tutaona. Athumani alirudi saa nne, akala samaki wake wa mkiani akiwa amesimama, wala hakujua kwamba ameingia kwenye kitabu.

Kinachonikosesha raha usiku huu ni maji ya kisima cha mama. Jana chai ilikuwa na ladha. Mama anasema ni majani ya chai, amebadilisha duka. Leo nimeteka nikaonja maji matupu, mara tatu, na ya tatu nikayashika ulimini nikahesabu mpaka kumi. Yana chumvi. Kidogo, lakini yana. Mwaka ule yalipogeuka yalianza hivi hivi, na kusi haijaisha bado.