Nilivyojifunza kusoma mpasuko wa bodi la ndege

Mwalimu wangu wa ufundi wa ndege hapa Unguja alinipa vipande viwili vya bati. Vilitoka kwenye bodi la ndege kuukuu lililopasuka ghafla likijazwa hewa kwa majaribio, chini, bila abiria. "Niambie mpasuko umeanzia wapi." Basi.

Nikaanza kwa kosa. Nilivishikanisha vile vipande nione vinavyoingiana, akaniwahi mkono. "Hapana, mwanangu, vikisuguana unafuta alama."

Siku mbili nilitazama nisione kitu. Chini ya taa ya darini ukingo wote ulikuwa mweupe, sawasawa. Usiku wa pili umeme ukakatika. Nikalaza kurunzi jamvini, mwanga ukapita ubavuni mwa bati, na kwenye tundu la ribiti moja (kijipini cha kuungia bati) ikajitokeza mistari: myembamba, imejipinda, mmoja nyuma ya mwengine, kama ile inayobaki mchangani maji yakipwa. Hapo bati lilikuwa laini, rangi imefifia. Mbele yake ukingo ulikwaruza kidole, umekatika mshazari. Huko ndiko lilikochanika kwa kishindo. Kwenye mistari ufa ulikuwa ukitambaa kidogo kidogo, safari baada ya safari.

Maana ndege yenye kabini ya kujazwa hewa hutuna ikipanda, hunywea ikishuka. (Ndege nyingi ndogo za Pemba hazijazwi.) Linalochosha bati ni idadi ya safari kuliko saa, ndiyo maana sisi wa visiwani, wenye safari fupi na hewa ya chumvi, tuyajue haya. Tarehe 28 Aprili 1988 huko Hawaii, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilipoteza kama mita 5.5 za paa ikiwa futi 24,000 angani. Ilikuwa na saa 35,496 tu, lakini safari 89,680. Gundi ya maungio ilikwisha kuachia, mzigo ukazielemea ribiti, nyufa zikaota matunduni. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafariki. Abiria mmoja aliuona ufa wakati wa kupanda, asimwambie mtu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Asubuhi nikamwonesha mwalimu ribiti ya saba. Akaitazama kwa lenzi, kimya, muda mrefu.

"Ndiyo hiyo. Na jirani zake?"

Nikarudi na kurunzi. Ya sita ilikuwa na mistari. Ya nane pia. Ya tisa ufa ndiyo kwanza ulikuwa unaanza.