Zinia za vikonyo virefu, hapa hapa Tengeru, Arusha

Pakiti ya mbegu za maua ya zinia aina ya Benary's Giant inaahidi mmea wa kimo cha sentimita 100 hadi 120. Lisilosemwa na pakiti ni kwamba zinia huwahi kuchanua siku zikiwa fupi. Ulaya wakati wa kiangazi mchana hufika urefu wa saa 15 au 16, mmea unarefuka kwanza ndipo utoe tumba. Huku kwetu mchana una urefu wa kama saa 12 mwaka mzima, basi ua la kwanza linawahi, limekaa juu ya kikonyo kifupi. Wapambaji wa kumbi ninaowauzia hawana kazi nalo; wanataka sentimita 40 kwenda juu.

Kwa hiyo ua hilo silisubiri. Mche ukiwa na jozi nne za majani, kimo cha shubiri na kidogo, naukata kilele juu ya jozi ya tatu. Bibi jirani alipita akanikuta na mkasi, akasimama: "Mwanangu, mbona unayakatili?" Nikamwonyesha tuta la pili, lililotangulia. Kila kwapa la jani lilikuwa limetoa chipukizi, limenyooka kwenda juu. Na hayo nayo nikivuna nakata chini kabisa, juu tu ya jozi ya majani iliyo karibu na shina kuu, hata kama naondoka na matumba mawili matatu. Inauma, lakini ukikata juujuu kwa huruma, mkato unaofuata utakuwa mfupi zaidi.

Mbegu nasia moja kwa moja tutani, kina cha nusu sentimita, maana mizizi ya zinia haipendi kusumbuliwa. Udongo ukiwa na joto zinaota ndani ya siku chache. Napunguzia hadi nafasi ya sentimita 30, samadi iliyooza vizuri, na kamba za katani pembeni upepo usiangushe. Urea naikwepa, inaleta majani mengi na vikonyo laini.

Adui wa Juni na Julai ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu unaofunika majani kwa unga mweupe. Wakulima wa korosho kule Mtwara wanalijua jina hilo vizuri, ingawa kuvu wa zinia ni mwingine. Namwagilia asubuhi, chini kwenye udongo, na kila baada ya wiki tatu nasia tuta jipya. Tuta lililochoka nang'oa. Kulipigia dawa ni kupoteza hela.

Kujua kama ua limeiva, shika kikonyo sentimita 20 chini ya ua, utikise. Kichwa kikiyumbayumba, liache: zinia ikikatwa mbichi haiendelei kufunguka ndani ya maji, inainamisha shingo tu. Kikonyo kikisimama kigumu kama fimbo, kata. Majani ya chini yote yatoke, kwa sababu yanachafua maji haraka, na ndoo iwe imesuguliwa kwa sabuni. Friji hapana, baridi kali inaziharibu petali.

Mbegu natunza mwenyewe kutoka kwenye vichwa vilivyokaukia shambani. Rangi huchanganyika, na mengine hutoka na safu moja ya petali. Kwa mashada ya sokoni hayana shida. Bibi harusi akitaka nyeupe tupu, hapo nanunua pakiti.