Duka lisijifanye simu

Mi naagiza vitu mtandaoni sana tu, sitadanganya. Chaja, sabuni, kitu chochote ninachokijua tayari, foleni ya nini? Ila viatu nimekoma. Mara ya mwisho kisigino kiligoma kabisa kuingia na saizi ni ileile navaa siku zote, ikabidi nifungashe upya, nijaze fomu, nisubiri hela irudi weee. Dukani ningesema tu niletee namba inayofuata, yameisha.

Sasa wenye maduka wengi hapohapo penye nguvu yao ndipo wanapobana matumizi. Wanapunguza wauzaji, aliyebaki ukimuuliza hiki na kile vina tofauti gani anakusomea maandishi ya kwenye boksi. Jamani, kusoma hata mi najua!

Mfano naoupenda ni Barnes & Noble, maduka ya vitabu ya Marekani, Amazon, lile duka kubwa la mtandaoni, ilikuwa imeyakaba koo kwelikweli. 2019 akaletwa bosi mpya, James Daunt, ambaye alishayafufua maduka ya vitabu ya Waterstones kule Uingereza, na hakukimbilia kushusha bei wala nini, aliwaachia watu wa kila tawi wachague wenyewe vitabu vya kuweka mbele. Zamani wachapishaji walikuwa wanalipia vitabu vyao vikae pazuri, yaani unakuta meza imejaa vitabu ambavyo pengine hakuna hata mmoja humo ndani aliyevipenda. Baadaye kampuni ikaanza kufungua matawi mapya. Na Amazon wenyewe walijaribu duka la vitabu 2015, wakapanga rafu kwa kufuata nyota za wateja wa mtandaoni, 2022 wakatangaza wanafunga. Hela wanazo, data wanazo, ila lile duka lilikuwa tovuti yenye mlango.

Kuhusu wanaokuja kujaribu halafu wanaagizia kwenye simu wakiwa humohumo ndani, msiwanunie. Best Buy, maduka ya vifaa vya elektroniki ya Marekani, ilikubali tu kulinganisha bei na za mtandaoni, mtu akionyesha bei ya chini anauziwa kwa hiyohiyo, maana ameshafika, bidhaa anayo mkononi, nani anataka kusubiri mzigo? Duka dogo haliwezi hilo kwa kila kitu, najua, ila linaweza kurekebisha, kupunguza suruali ndefu, kubadilisha bila maswali ya kipolisi.

Na tafadhali, wekeni kiti karibu na chumba cha kujaribia nguo. Anayejaribu hana shida, anayemharakisha waondoke ni yule aliyemsindikiza, amesimama nusu saa amekumbatia mikoba ya watu.