Omena si maji

Novemba 2020 nilikuwa Luanda Kotieno, kando ya Ziwa Victoria, kwa shangazi yangu, Waya kama tunavyomwita, nikila chakula chake bila kazi. Shule ya binafsi niliyofundisha Nairobi ilifungwa Machi kwa sababu ya korona, pamoja na nyingine zote. Oktoba, darasa la nne, la nane na kidato cha nne waliporudi, simu yangu haikulia. Nilikuwa nalala hadi saa nne, naamka nimenuna.

Siku hiyo Waya alinitoa kitandani alfajiri. Mwezi haukuwapo usiku ule, na ni usiku wa giza ndio huvuta omena, dagaa wa ziwani, kwenye taa za wavuvi. Alikuwa amenunua makarai sita kwa mkopo wa chama. Tukatandika nyavu kuukuu juu ya nyasi, tukaimwaga, tukaieneza kwa viganja iwe tabaka moja tu, maana ikirundikana huoza chini huku juu imekauka.

Jua likiwa kali, omena hukauka siku moja. Kufikia saa nane ilikuwa inameta kama bati jipya, ukiishika inalia chakacha. Mimi nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa nikitazama feri ya Mbita. Niliambiwa nichunge mvua, nilichunga ziwa. Mvua ikaja kwa nyuma, kutoka bara.

"Koth!" Mvua! mama mmoja akapiga ukelele kwa Kijaluo, na ufuo mzima ukakimbia.

Tuliokoa kama theluthi hivi. Iliyobaki ilielea kwenye tope, ile fedha yake imeshaanza kufifia. Waya aliketi pale pale mvuani akalia kwa sauti. Akailaani mvua, akanilaani mimi, akamlaani mweka hazina wa chama ambaye hata hakuwapo. Kwenye matanga ya mumewe hakulia hivyo. Nami, mwalimu wa Kiswahili, nikaona ni wajibu wangu kusema neno.

"Waya, maji yakimwagika hayazoleki."

Akanyamaza. Akanitazama kwa muda ambao sikuupenda.

"Omena si maji," akasema. "Inazoleka. Leta karai."

Tulizoa hadi giza likaingia, kisha tukachambua kwa taa ya sola. Marundo matatu: kavu ya watu, iliyolowa kidogo ya kuanikwa tena kesho, na iliyochafuka ya chakula cha kuku. Kilichonishangaza ni kwamba hakuacha kulalamika. Nilizoea kudhani mvumilivu hufunga mdomo. Waya alilalamika tangu rundo la kwanza hadi la tatu, na mikono haikusimama hata mara moja.

"Bei ya kuku ni ndogo," nikamwambia.

"Ni ndogo," akasema, "lakini ni bei."

Mkopo wa chama aliumaliza Januari, baada ya kugombana na mweka hazina mara mbili.

Mimi wiki iliyofuata nilianza kufundisha insha chini ya mwembe wa jirani. Watoto watatu wa darasa la saba, ambao bado walikuwa nyumbani, shilingi hamsini kila mmoja kwa wiki. Ijumaa nikampelekea Waya noti na sarafu zangu, kifua mbele. Akazihesabu mara mbili.

"Mia na hamsini?" akasema. "Wamekupunja."