Ua lililonimalizia bando

Jana usiku niliingia kwenye tovuti ya jumba la makumbusho la Getty, Los Angeles, kutafuta picha moja tu ya kitabu cha kale cha miandiko. Nimelala saa tisa!

Kitabu chenyewe kinaitwa Mira calligraphiae monumenta. Georg Bocskay, katibu wa Kaisari Ferdinand I kule Vienna, alikiandika mwaka 1561 hadi 1562 kuonyesha ufundi wa mkono wake. Humo kuna miandiko ya kila namna, mingine imejisokota hata kuisoma ni kazi. Akafariki 1575. Karibu miaka 15 baada ya hapo, Kaisari Rudolf II, mjukuu wa Ferdinand, akampa mchoraji Joris Hoefnagel wa Antwerp ajaze nafasi zilizobaki. Naye, kama anayebishana na marehemu, akamwaga mapeasi, vipepeo, konokono, kome.

Kilichoninyima usingizi ni ua moja jekundu. Ukitazama, shina lake limechomekwa kwenye mpasuko wa ukurasa. Nikafungua upande wa nyuma: amechora kile kipande cha shina kilichopenya! Mpasuko wenyewe haupo, ni rangi na kivuli tu. Nilijikuta napapasa kioo cha simu kama mshamba.

Mimi ni shabiki wa mwandiko, lakini hapa nampa ushindi mchoraji. Bocskay asinisikie.

Asubuhi nikajaribu herufi moja kwa kalamu ya wino, na kipepeo pembeni. Mwanangu akaja, akainamisha kichwa, akauliza: "Mama, huyu ni mende?"